NI NANI ALIYEITENGENEZA KOMPYUTA?



Mara nyingi twasikia vijana wetu wakijadiliana barazani juu ya kompyuta, na juu ya simu ya mkononi, ambayo nayo ni kompyuta ndogo. Mmoja husema: "Hii ni elimu ya Wazungu, kazi yetu sisi ni kununua na kutumia." Mwenziwe humjibu: "La, ni elimu ya Waislamu, wao waliichukua kwetu." Sisi twaona kwamba wote wawili wamekosea, na kila kosa lina madhara yake: la kwanza huzaa unyonge, na la pili huzaa majivuno yasiyo na kazi. Basi yatupasa tuitazame historia yenyewe.

Kwanza ifahamike kuwa kompyuta haina akili ya kuzaliwa nayo. Kazi yake ni kufuata hatua moja baada ya moja, kama ilivyoamrishwa. Tuchukue mfano ulio karibu na nyumba zetu. Mtu amekufa, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Hatua ya kwanza ni kutoa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia. Mali iliyobaki igawanywe mafungu 24: mke apate thumni, nayo ni mafungu 3, yaliyobaki 21, mwana achukue 14 na binti 7. Anayezifuata hatua hizi kwa taratibu hakosei, hata kama hakuzibuni yeye.

Mpango wa hatua namna hii wataalamu huuita algoridhimu, na neno hilo limetokana na jina la mtu: Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika zama za Khalifa al-Maamun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833. Katika kitabu chake cha al-jabr alionyesha jinsi ya kufumbua maswali ya hesabu kwa hatua zilizopangwa, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni juu ya mirathi na wasia. Aliandika pia juu ya tarakimu za Kihindi. Kitabu hicho kwa Kiarabu kimepotea, lakini tafsiri ya Kilatini ilibaki, na humo jina lake likaandikwa Algoritmi.

Lakini tarakimu hizo, pamoja na sifuri, zilitoka India, ambako mwaka 628 mtaalamu Brahmagupta alikwisha andika kanuni za sifuri. Al-Khwarizmi hakuona haya kujifunza kwa watu wasiokuwa wa dini yake, wala hakuficha kuwa zilikuwa zao.

Huko Ufaransa, mwaka 1642, kijana Blaise Pascal alianza kuunda mashine ya kujumlisha ili kumpunguzia baba yake taabu ya hesabu za kodi. Baadaye Mjerumani Leibniz akaunda mashine ya kuzidisha, na mwaka 1703 akachapisha makala juu ya kuhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Hesabu ya namna hiyo ndiyo itumiwayo na kompyuta hata leo.

Ama kisa cha Mwingereza Charles Babbage kina mazingatio makubwa. Zama zake majedwali ya hesabu waliyoyategemea mabaharia yalifanywa kwa mkono, na makosa hayakukosekana. Babbage akaanza kuunda mashine ya kuyafanya. Serikali ikatoa kiasi cha pauni 17,000, kisha mwaka 1842 ikaacha kabisa. Yeye alikuwa amekwisha fikiri mashine kubwa zaidi, ya kupokea amri kwa kadi zenye matundu, kama zile zilizotumiwa katika mitambo ya kufumia hariri. Mwaka 1843 bibi mmoja, Ada Lovelace, ambaye mama yake alihakikisha anafundishwa hisabu tangu utotoni, aliandika hatua ambazo mashine hiyo ingezifuata. Babbage alifariki mwaka 1871 bila ya kuiona mashine yake imekamilika. Lakini mwaka 1991 jumba la makumbusho ya sayansi la London liliunda mojawapo ya mashine zake kwa kufuata michoro yake, nayo ikahesabu sawasawa. Miaka 120 baada ya kufa kwake ikathibitika kwamba mzee yule hakukosea.

Mwaka 1936 Alan Turing alionyesha kwa hoja za hisabu kwamba mashine moja, ikipewa amri zifaazo, yaweza kufanya kazi ya mashine yoyote ya kuhesabu. Miaka kumi baadaye, huko Philadelphia, Marekani, watu walionyeshwa kompyuta ya ENIAC, yenye uzito wa kiasi cha tani 30 na taa za kioo zaidi ya 17,000, mfano wa zile za redio za zamani. Wanawake sita ndio walioipangia hatua zake za kazi, na kwa miaka mingi hawakutajwa. Mwaka 1947 ikabuniwa transista, kitu kidogo kilichochukua mahali pa taa hizo, na kwayo tumefikia simu itiwayo mfukoni.

Basi jibu la swali letu ni hili: hakuna mtu mmoja wala taifa moja. Kila aliyepokea alijifunza kwa aliyemtangulia, kisha akaongeza chake. Sisi tulikuwa na fungu letu, lakini fakhari ya babu haimtatulii mjukuu hesabu.

Na jambo hili si la upuuzi. Leo watu humwuliza mashine hata namna ya kugawanya mirathi. Aliyeiandikia hatua akikosea, mashine itawadhulumu mayatima kwa upesi kuliko kadhi yeyote, na asiyejua kuhesabu hataligundua kosa. Kwa hiyo twawasihi wazazi: wafundisheni wana na mabinti zenu hisabu kwa kalamu na karatasi, na mwanzo mwema ni mafungu yale 24. Anayeweza kuyagawa kwa mkono wake ndiye atakayeweza kuiamrisha mashine, na kuikosoa inapokosea.

Wabillahi tawfiq.