Sumu Haingoji Zahanati Ifunguliwe

Tuseme ni saa nane za usiku, katika nyumba ya udongo na makuti upande wa bara wa Malindi. Mtoto aliyelala juu ya mkeka anaamka akipiga mayowe. Nyanya yake anamulika kwa tochi ya simu na kuona mkia ukipenya chini ya mlango. Mkononi mwa mtoto mna matundu mawili, na ngozi imeanza kuvimba. Zahanati ya karibu ilifungwa saa kumi na moja jioni, na itafunguliwa saa mbili asubuhi. Hizo ni saa sita za kungoja, na kwa sumu ya nyoka saa sita zaweza kuamua kama mkono utapona au utakatwa.

Nyoka wa kushukiwa kwanza hapa ni swila atemaye mate. Pwani yetu ina swila mkubwa kuliko wote wa aina hiyo duniani, ambaye wanasayansi Wolfgang Wüster na Donald Broadley walimtambulisha mwaka 2007 kwa jina *Naja ashei*. Jina hilo linamkumbuka James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu mwaka 1980. Mwaka 2004 swila mmoja aliyekamuliwa kituoni hapo alitoa mililita 6.2 za sumu kwa mara moja, zaidi ya kijiko cha chai. Wakubwa wao hutembea usiku wakiwinda panya, vyura na hata nyoka wenzao. Panya akiingia ndani kufuata mahindi, swila humfuata, na anayelala chini hujikuta njiani mwao.

Kila sumu ina saa yake. Ya swila huyu huua nyama ya mwili pale ilipoingia. Ya kifutu, ambaye wengine humwita moma, huvimbisha kiungo kizima na yaweza kuleta kutokwa damu. Ya koboko, awe mweusi au yule wa kijani apendaye miembe na minazi, ndiyo yenye haraka kuliko zote. Kwa kawaida neva huamuru msuli kwa kemikali inayoingia mahali pake kama ufunguo kwenye kitasa. Sumu ya koboko hukaa humo kama ufunguo uliovunjikia ndani. Kope zinaanguka, ulimi unakuwa mzito, kisha misuli ya kifua inashindwa kuvuta pumzi ilhali moyo bado unapiga. Mgonjwa huyo anaweza kupona akipata wa kumsaidia kupumua, lakini hilo linahitaji hospitali yenye umeme na mhudumu aliye macho.

Dawa ya sumu ya nyoka imekuwepo tangu miaka ya 1890, Albert Calmette wa Ufaransa akiwa miongoni mwa waasisi wake. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo hadi damu yake itengeneze kinga, kisha kinga hiyo huchujwa. Ikiingia kwa mgonjwa huinasa sumu ingali inazunguka, lakini haifufui nyama iliyokwisha kufa. Dawa ya maji hutunzwa kwenye jokofu, nyuzijoto 2 hadi 8. Tena inaweza kumletea mgonjwa mzio wa ghafla, hivyo lazima awepo mtaalamu mwenye adrenalini mkononi. Ndiyo maana haiwezi kuwekwa tu kabatini kijijini.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu walioumwa na nyoka Kilifi ulionyesha kwamba wengi walikimbilia tiba ya kienyeji. Wepesi wa kuhukumu husema huo ni ujinga. Mimi naona hesabu ya saa: mganga yuko jirani, na mlango wake hugongwa usiku wa manane ukafunguliwa. Tukitaka watu waende hospitali, tuwawekee njia inayopitika saa hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahaulika mwaka 2017, na likalenga kupunguza vifo na ulemavu wake kwa nusu ifikapo 2030. Kwetu lengo hilo litapimwa usiku.

Wakati usafiri unatafutwa, mgonjwa atulizwe na asitembee. Avuliwe pete na bangili, kiungo kifungwe kwa gango kisichezecheze. Asichanjwe kwa wembe, asifungwe kamba ya kukaza, asibandikwe jiwe la kuvuta sumu. Mate ya swila yakiingia machoni, yaoshwe mara moja kwa maji mengi.

Kinga dhidi ya kuumwa tunayo tayari. Majaribio ya vyandarua vyenye dawa yaliyofanyika Kilifi miaka ya 1990 yalipunguza vifo vya watoto kwa asilimia 33, kwa kuwakinga na malaria. Mwaka 2007 watafiti nchini Nepal waligundua kwamba kulala ndani ya chandarua kunawakinga sana watu dhidi ya nyoka pia. Kingo zichomekwe vizuri chini ya godoro au mkeka.

Mengine yafanywe mchana. Kaunti itangaze ni hospitali zipi zina dawa ya sumu, na kijiji kikubaliane na mwenye bodaboda atakayeamka akipigiwa. Namba yake iandikwe kwa mkaa ukutani, mahali ambapo nyanya, tochi ikiwa mkononi, ataiona bila kuitafuta.