Shirikisho la Afrika Mashariki, ukilitazama kutoka Ndara

Kwa barabara, Voi iko karibu na Arusha kuliko ilivyo karibu na Nairobi. Dereva anayeondoka chini ya Ndara, mlima ambao leo wengi wanauita Sagalla, akapita Mwatate na Taveta, akavuka mpaka Holili na kuishika njia ya Moshi, atafika makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kilomita chache kuliko mwenzake aliyeelekea jiji letu kuu. Hata hivyo, hoja ya kuziunganisha nchi hizi kuwa dola moja huzungumzwa kwetu kama jambo la wakubwa: nani atakuwa rais, bendera itakuwa ya rangi gani. Mimi naona wenye haki ya kwanza kuihoji ni watu wa mpakani.

Tuanze na sheria yenyewe. Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, umeweka hatua nne: umoja wa forodha, soko la pamoja, sarafu moja, na mwisho shirikisho la kisiasa. Umoja wa forodha ulianza 2005, soko la pamoja 2010. Sarafu imekwama. Itifaki yake ya 2013 ililenga 2024, kisha lengo likasogezwa hadi 2031. Kuhusu hatua ya mwisho, wakuu wa nchi waliamua Mei 2017 kuanza na kitu chepesi zaidi, yaani konfederesheni. Katika shirikisho, serikali ya juu humfikia raia moja kwa moja: humtoza kodi, humshtaki, humpa pasipoti, na nchi mwanachama haina tena kiti chake Umoja wa Mataifa. Katika konfederesheni kila nchi hubaki dola kamili, hukasimu mambo machache tu, na huweza kuyadai tena. Wataalamu wanaoandaa rasimu ya katiba, wakiongozwa na jaji mkuu mstaafu wa Uganda, Benjamin Odoki, walizunguka Kenya kukusanya maoni mwaka 2023.

Hii si mara ya kwanza. Tarehe 5 Juni 1963, Kenyatta, Nyerere na Obote walitangaza jijini Nairobi kwamba nchi zao zingeungana kabla ya mwaka kwisha. Kenya ilikuwa bado haijapata hata uhuru. Mpango ulivunjika, na si wananchi walioukataa, kwa kuwa hawakuulizwa. Uganda, iliyokuwa ndogo kuliko wenzake na yenye ufalme wa Buganda uliolinda mamlaka yake kwa wivu, ilitaka ibaki na sauti yake katika mambo ya nje na haki ya kukopa yenyewe. Mji mkuu nao ukawa neno.

Muungano uliofaulu ulikuja ghafla, tarehe 26 Aprili 1964, kati ya Tanganyika na Zanzibar, na huo pia bila kura ya maoni. Hapa ndipo nchi ndogo yoyote inapaswa kusoma taratibu. Hati za Muungano zilitaja mambo 11 ya pamoja. Leo orodha iliyo kwenye Katiba ya Tanzania ina mambo 22. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lakini Agosti 1993 ikajitoa, maana mambo ya nje ni ya Muungano na visiwa havikuwa na mamlaka hayo. Wakubwa nao hawakuridhika: mwaka huohuo wabunge waliojulikana kama G55 walidai serikali ya Tanganyika. Mdogo analalamika kumezwa, mkubwa analalamika kupotezewa jina. Miaka sitini imepita na neno "kero" halijatoka midomoni mwa Wazanzibari.

Watanzania walipoulizwa mwaka 2006 na 2007 kama shirikisho liharakishwe, wengi walisema hapana, na hofu yao kubwa ilikuwa ardhi. Wakenya wengine waliwacheka. Taita Taveta hatukuwa na haki ya kucheka. Zaidi ya nusu ya kaunti yetu imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948, na pembeni yake kuna mashamba makubwa ya mkonge huku majirani zake wakiwa maskwota. Mwaka nenda mwaka rudi viongozi wetu wanadai mgao wa mapato ya mbuga kutoka Nairobi. Mtu ambaye hajapata haki yake serikalini mwake ana sababu ya kuuliza itakuwaje serikali ikiongezewa ghorofa. Kwa sasa, itifaki ya soko la pamoja inaacha ardhi chini ya sheria za kila nchi. Katiba ya shirikisho inaweza kulibadilisha hilo kwa ibara moja.

Lakini mpaka nao una gharama zake, na sisi tumezilipa. Uliwekwa mwaka 1886 na Waingereza na Wajerumani, waliokubaliana mstari upite katikati ya Taveta na Uchagani bila kumuuliza mtu wa Taveta wala wa Uchagani. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika 1977, Tanzania iliufunga hadi 1983. Siku hizi mfanyabiashara mdogo anayekwenda soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi, anaweza kuvusha bidhaa za hadi dola 2,000 zilizozalishwa ndani ya Jumuiya kwa cheti rahisi, na tangu 2016 ukaguzi wa pande mbili unafanyika mahali pamoja. Kisha Julai 2025 Tanzania ikatoa amri ya kuwazuia wageni kufanya biashara 15 ndogondogo, zikiwemo saluni na ufundi wa simu. Soko la pamoja lilikuwa na umri wa miaka 15. Hivyo ndivyo konfederesheni inavyoweza kuwa: ahadi ambayo waziri mmoja anaibatilisha kwa saini.

Kwa Kenya, mlango wa mwisho ni kura. Ibara ya 255 ya Katiba ya 2010 inataka kura ya maoni kwa badiliko lolote linalogusa mamlaka ya wananchi, mipaka ya nchi au muundo wa ugatuzi. Lazima angalau asilimia 20 ya wapigakura waliosajiliwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti zote 47, na wengi wa waliopiga kura wakubali. Kaunti yetu ilihesabiwa watu 340,671 mwaka 2019, idadi ndogo mno kuamua matokeo, lakini katika hesabu ya kujitokeza ina uzito uleule wa Mombasa.

Basi rasimu ikifika Voi au Wundanyi, rais wa kwanza asikupotezee muda. Isome orodha ya mambo yatakayopelekwa juu, na utafute ni nani mwenye uwezo wa kuiongeza. Tafuta neno ardhi. Tafuta ibara ya kujitoa. Isipokuwepo, ikatae rasimu.