Mtoto anatapika kila akila: tutajuaje kama ni aleji?

Wengi wetu tuliingia Uganda kwa mpaka wa Mpondwe, tukapitia Bwera na Kasese. Mtoto akihara, sote tunasema maji machafu. Mara nyingi ni kweli. Lakini wako watoto wachache ambao tumbo lao linakataa chakula fulani: maziwa ya ng'ombe, soya, mayai, hata samaki wa Ziwa Edward. Hiyo ni aleji ya chakula, au mzio.

Kuna aleji ya haraka: mtoto anakula, muda si mrefu anavimba midomo na kutoka vipele. Ile ya polepole ndiyo inayosumbua. Inakaa tumboni tu, inakuja baada ya masaa au siku, na kipimo cha damu hakiioni.

Basi daktari anaijuaje? Kwanza anatafuta malaria, amiba na minyoo. Akikosa, anamuuliza mama: alikula nini, masaa mangapi yakapita, ilirudia? Mama anayekumbuka kwamba mtoto alitapika masaa mawili baada ya uji wa soya, na juma lililofuata vilevile, amempa daktari kitu ambacho maabara haina. Chakula hicho kimoja kitaachwa majuma mawili hadi manne, kisha kitarudishwa mganga akiangalia. Shida ikirudi, ndiyo aleji. Watu wengi huruka hatua hii ya kurudisha, mtoto akanyimwa maziwa miaka bure.

Anayenyonya na kutoa nyuzi za damu chooni aendelee kunyonya. Mama ndiye ataambiwa aache maziwa ya ng'ombe kwa muda.

Usimkatie mtoto vyakula kwa akili yako, atakonda. Kama yuko kwenye chakula tiba, kumbuka kina karanga na maziwa. Ukiona kinamsumbua, mwambie muuguzi siku hiyohiyo.

Na ebiino? Jamani! Wanachong'oa kwenye ufizi ni mbegu za meno ya kweli. Kuhara hakuishi, na wengine wamekufa kwa kutoka damu na vidonda kuoza.

Mtoto akihara, mpe ORS na zinki. Akitapika mfululizo hadi kulegea, midomo ikapoteza rangi au kuvimba, au akapumua kwa shida, usingoje asubuhi. Mkimbize kituo cha afya, na useme alikula nini na saa ngapi.