Kidhibiti Joto na Lawama Zisizo Zake

Viwanda vya plastiki vya Arusha, ikiwemo kampuni ya A to Z, ambayo mwaka 2003 ilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa uzi wa polithilini uliochanganywa na dawa ya permethrini, hutegemea joto linalopimwa kwa uangalifu, kwa kuwa plastiki isiyoyeyuka vizuri haivutiki na iliyopitiliza huungua.

Silinda ya mashine ya kuyeyusha plastiki, ambamo skrubu kubwa husukuma malighafi, huzungushiwa hita za mkanda, na joto lake hupimwa na themokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha, ambazo, kama alivyobaini Thomas Seebeck mwaka 1821, huzalisha umeme mdogo ncha hiyo inapopata joto. Kidhibiti joto husoma umeme huo, huulinganisha na kiwango kilichowekwa, kisha huiamuru rilei iwashe au izime hita.

Hita zikikataa kuzimika, lawama hukiangukia kidhibiti, ingawa mara nyingi mkosaji ni rilei ya kielektroniki, ambayo ikiungua hupenda kuganda ikiwa inapitisha umeme. Vilevile, nyaya za themokapo zikigusana ndani ya kabati la umeme, skrini huonyesha joto la kabati badala ya la silinda, na kidhibiti kipya, hata kiwe cha bei gani, kitarudia kosa lile lile. Fundi makini huanza na mita.

Ikithibitika kwamba kidhibiti ndicho kibovu, mipangilio ya zamani hunakiliwa, swichi kuu huzimwa na kufungwa kwa kufuli, na nyaya hutiwa alama kabla ya kufunguliwa. Linalosahaulika zaidi ni aina ya themokapo, kwani K na J hazitoi umeme ulio sawa. Kidhibiti kilichopangiwa J kikiunganishwa na themokapo ya K, silinda yenye nyuzijoto 200 itasomeka kati ya 150 na 160, na hita zitaendelea kuwaka hadi skrini ionyeshe 200, wakati silinda imekwisha kukaribia 260 na plastiki inafuka moshi. Kengele haitalia, maana kwa hesabu za kifaa mambo yote ni shwari.

Kidhibiti kipya huachwa kwanza kipandishe na kushusha joto mara kadhaa, ili kijipange kulingana na kasi ya mashine kupata moto na kupoa. Na hata kiwango kikitimia, skrubu haizungushwi papo hapo, kwani chuma cha nje hutangulia kupata moto, na plastiki ambayo bado imeganda ndani yaweza kuivunja.