Mita Ukutani na Siri Iliyomo Ndani Yake

Tangu umeme wa mtambo wa megawati 33 uanze kusambazwa mjini Juba mwishoni mwa mwaka 2019, wakazi wengi wa mji huo uliokaa ukingoni mwa mto Bahr el Jebel wamezoea desturi ambayo ndugu zao wa Tanzania wanaiita LUKU na wale wa Uganda wanaiita Yaka, yaani kuununua umeme kabla ya kuutumia. Katika nchi nyingi za Afrika biashara hiyo hufuata kanuni moja iliyoasisiwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990: mteja hulipa, hupewa tarakimu 20, huzibonyeza, na mita, ambayo aghalabu haina waya wala mawimbi ya kuiunganisha na ofisi yoyote, huzikubali au huzikataa papo hapo. Yawezaje kuzijua tarakimu za halali na za kughushi, ilhali haina wa kumwuliza? Yaweza kwa sababu ndani yake umehifadhiwa ufunguo wa siri, ambao ni namba ndefu, na tarakimu zile zimefumbwa kwa hisabati ambayo asiye na ufunguo huo hawezi kuifumbua.

Hapo ndipo penye taabu ambayo mafundi wa maandishi ya siri wa zamani hawakuijua sana. Wao walihofia adui atakayeinasa barua njiani, na ufunguo wenyewe waliuweka mbali naye, chini ya ulinzi wa askari. Bali mita imetundikwa kwenye ukuta wa mtu yule yule ambaye angefaidika kuujua ufunguo wake, naye ana mchana na usiku wa kuichunguza, na hakuna amtazamaye. Hali ni hiyo hiyo kwa laini ya simu iliyobeba fedha za m-Gurush, yaani pesa za simu, na kwa kadi ya benki, na kwa kila kidude cha siri kinachokaa katika milki ya watu na si katika hazina ya serikali.

Mtu atauliza: ikiwa hisabati ni madhubuti, uchunguzi utamfaa nini? Tabibu hampasui mgonjwa ili apate kujua mwendo wa moyo wake. Huweka vidole penye mshipa wa mkono, husikiliza kifua, hupima joto, na kwa dalili hizo za nje huyajua ya ndani. Chipu iliyomo ndani ya mita nayo ina dalili zake. Kila inapofanya hesabu, mamilioni ya transista zilizomo hufunguka na kufungika, na kila moja inapobadili hali yake huvuta chembe ya umeme. Kwa hiyo umeme unaotumika hupanda na kushuka kwa kufuata namba zinazohesabiwa, na pamoja nao hutoka mawimbi, joto, na wakati mwingine sauti. Mwenye kuiba ufunguo kwa kuzisoma dalili hizi husemwa kuwa ameshambulia kwa njia ya pembeni, maana hakugusa hisabati hata kidogo.

Jambo hili si geni kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1943, katika maabara ya Bell huko Marekani, mhandisi mmoja aliona kwamba kila mashine ya kufumba habari za jeshi ilipopiga hatua, alama ilichomoza katika chombo cha kupimia umeme kilichokuwa mbali chumbani humo. Jeshi halikusadiki. Basi wahandisi wakaketi katika jumba lililokuwa upande wa pili wa barabara mjini New York, umbali wa takriban futi 80, nao wakaweza kuyasoma kama asilimia 75 ya maandishi yaliyokuwa yakifumbwa. Na katika mwaka 1956, wakati wa mgogoro wa mfereji wa Suez, Waingereza waliitega simu ya ubalozi wa Misri mjini London, wakasikiliza milio ya magurudumu ya mashine ya kufumba habari iitwayo Hagelin kila asubuhi karani alipoyapanga upya. Habari hiyo aliieleza Peter Wright, afisa wa zamani wa MI5, idara ya ujasusi wa ndani ya Uingereza, katika kitabu kilichotoka mwaka 1987 na kuiudhi mno serikali yake.

Aliyeifanya elimu hii kuwa mali ya kila mtu ni Mmarekani Paul Kocher. Mwaka 1996 alionyesha kuwa muda ambao kompyuta huchukua kumaliza hesabu ya siri waweza kuufichua ufunguo, kwa sababu ufunguo ni mfuatano wa biti, yaani moja na sifuri, na biti ya moja huleta kazi ambayo biti ya sifuri haileti. Miaka mitatu baadaye, yeye na Joshua Jaffe na Benjamin Jun walitoa njia iliyo kali zaidi, nayo yastahili kuelezwa taratibu. Ufunguo wa biti 128 hauwezi kukisiwa, kwa kuwa idadi ya funguo zilizopo ni namba ya tarakimu 39, na umri wa dunia hautoshi kuzijaribu zote. Lakini chipu haiushughulikii ufunguo wote kwa mkupuo mmoja. Huutafuna vipande vipande vya biti nane, na kipande cha biti nane kina thamani 256 tu. Mshambuliaji hurekodi mchoro wa umeme wa chipu ikifanya hesabu mara elfu kadhaa, kisha kwa kila moja ya thamani hizo 256 hukadiria jinsi umeme ungalipanda na kushuka lau ingekuwa ndiyo sahihi, akalinganisha makadirio na michoro. Mchoro mmoja umejaa kelele na hausemi neno; maelfu yakijumuishwa, kelele hujifuta zenyewe na thamani ya kweli hujitokeza. Vipande ni 16, kila kimoja makisio 256, jumla 4,096. Mlima umekuwa kichuguu.

Kinga zipo, na iliyo bora kati ya hizo ni kuifunika namba halisi kwa namba ya kubahatisha inayobadilika kila mara, ili chipu isiishike kamwe siri ikiwa uchi, na michoro ya leo isifanane na ya jana. Nyingine ni kuhakikisha hesabu huchukua muda ule ule, ufunguo uwe huu au ule, na kuchanganya mpangilio wa hatua. Zote zina gharama: chipu huwa kubwa zaidi, huchelewa, hutumia umeme mwingi zaidi, na mnunuzi wa mita laki moja anayetafuta bei nafuu hana jicho la kuona kilichopunguzwa.

Tena mwizi hahitaji kila mara chombo cha kupimia. Marehemu Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambaye alizichunguza mita za Afrika Kusini katika siku zao za awali, alisimulia juu ya aina moja ambayo, nguvu ya umeme ikishuka kutoka volti 220 hadi karibu volti 180, ilijijazia salio la juu kabisa. Vijana walipogundua, walirusha minyororo ya chuma juu ya nyaya za volti 11,000, na mtaa mzima ukapata umeme wa bure. Kosa lilikuwa dogo katika programu, wala halikupimwa, kwa kuwa hakuna aliyeagiza mita ijaribiwe katika umeme dhaifu. Katika mji kama Juba, ambako majenereta hupokezana na gridi na nguvu ya umeme hupanda na kushuka bila mkono wa mwizi, nadhani jaribio hilo lingepaswa kuandikwa katika ukurasa wa kwanza wa zabuni.

Hata hivyo hakuna kinga isiyopenyeka, na busara ya kanuni ile ya tarakimu 20 ni kwamba ilikubali hivyo tangu mwanzo: kila mita ina ufunguo wake peke yake, unaozaliwa na ufunguo mkuu wa muuzaji pamoja na namba ya mita, hata aliyeifungua mita ya barazani kwake ameiba umeme wa nyumba moja, si wa mji. Hazina iko kwenye ufunguo mkuu, na Afrika Kusini iliteseka kwa mashine za kuuzia zilizoibwa zikiwa na funguo hizo ndani, zikaendelea kutoa tarakimu halali gizani. Dawa ni kubadili ufunguo, na mwaka 2024 ulileta fursa adimu. Mita hizo zilikuwa zikihesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na hesabu yenyewe ingejaa tarehe 24 Novemba 2024. Kwa hiyo wateja wa Kenya, Tanzania na kwingineko walibonyeza tarakimu za ziada ili mita zao zipokee ufunguo mpya. Wengi waliona ni usumbufu mtupu.

Kwa upande wa simu, kadi za kale zilizotumia hesabu iitwayo COMP128 zilivunjwa kwa hisabati mwaka 1998, baada ya kuulizwa maswali kama 150,000. Mwaka 2002 watafiti wa IBM, kwa kuzisikiliza kwa njia ya pembeni, walihitaji maswali manane tu. Lakini nisimtishe msomaji: akthari ya wanaoibiwa fedha za simu huibiwa na mtu aliyewapigia akawaomba namba ya siri, nao wakampa.

Mwisho, yafaa ijulikane kuwa uvujaji huu huu wa dalili umegeuzwa pia kuwa kipimo cha kinga hospitalini. Mashine nyingi za hospitali haziwezi kuwekewa programu ya kuzuia virusi vya kompyuta, kwa kuwa mtengenezaji hataki ziguswe. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani, Kevin Fu akiwa miongoni mwao, waliifuatilia mashine ya kuchanganyia dawa kwa kuusoma umeme inaouvuta kwenye soketi ya ukutani, bila kuifungua wala kuigusa programu yake, wakavitambua virusi walivyovijua kwa asilimia 94 au zaidi, na wasivyopata kuviona kwa asilimia 85.