Mtoto hashibi? Usikimbilie kumwita mlafi

Mtoto amemaliza sahani yake na anaomba nyingine. Akinyimwa, analia. Mama akigeuka kidogo, mtoto yuko jikoni anafunua sufuria. Ndugu na majirani hawakawii kutoa hukumu: huyo ni mlafi, na wazazi wake wamemdekeza.

Kisa cha msichana mmoja nchini Uingereza kinaonyesha kwamba hukumu hiyo inaweza kuwa ya uonevu. Alizaliwa na uzito wa kawaida, lakini miezi michache baadaye alianza kunenepa kwa kasi. Kila wakati alikuwa na njaa. Alipofikisha miaka minane alikuwa na kilo 86, zaidi ya mara tatu ya uzito wa kawaida wa umri huo. Binamu yake wa kiume alikuwa na kilo 29 akiwa na miaka miwili tu.

Mwaka 1997, watafiti wa Cambridge, wakiwamo Stephen O'Rahilly na Sadaf Farooqi, walieleza chanzo. Watoto hao walirithi kasoro ya jeni, na miili yao haikuweza kutengeneza ipasavyo homoni iitwayo leptini.

Homoni hiyo iligunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake jijini New York. Hutengenezwa na mafuta ya mwilini, kisha husafiri kwenye damu hadi kwenye ubongo kutoa taarifa kwamba akiba ipo ya kutosha. Taarifa hiyo isipofika, ubongo huamini kwamba mwili unakufa njaa, hata kama mtoto ametoka mezani sasa hivi.

Msichana huyo alianza kuchomwa sindano ya leptini kila siku akiwa na miaka tisa na kilo 94.4. Ndani ya siku chache ulaji wake ulibadilika, na baada ya miezi 12 alikuwa amepungua kilo 16.4. Viboko, masimango na kufungiwa chakula visingeweza kumpa shibe ambayo mwili wake haukuijua.

Hata hivyo, ugonjwa huo ni nadra sana. Watoto wengi wenye unene uliozidi wana leptini nyingi, ila ubongo wao hauisikilizi vizuri. Ndiyo maana sindano hiyo si dawa ya kila mtoto mnene. Kwa wengi, tatizo hutokana na mchanganyiko wa mambo: urithi, soda na juisi za sukari, vyakula vya kukaangwa, kukaa muda mrefu mbele ya televisheni au simu, na usingizi mchache.

Usingizi una uhusiano na homoni pia. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni nyingine, grelini, inayoamsha njaa. Utafiti kwa watu wazima umeonyesha kuwa kukosa usingizi kunaweza kupandisha grelini na kushusha leptini. Mtoto wa miaka sita hadi 12 anahitaji kulala jumla ya saa tisa hadi 12 kwa siku.

Nyumbani, mzazi anaweza kuanza na mambo madogo. Maji yachukue nafasi ya soda. Familia ile pamoja, bila haraka na bila televisheni, kwa sababu taarifa ya shibe huchukua muda kufika kwenye ubongo. Mtoto akisema ameshiba, asilazimishwe kumaliza sahani, maana hapo anafundishwa kuipuuza ishara ya mwili wake. Mabadiliko yawe ya nyumba nzima, siyo mtoto mmoja apewe mboga huku wenzake wakila chipsi.

Mzazi ampeleke mtoto kwa daktari ikiwa ameanza kunenepa kupita kiasi kabla ya miaka mitano, anatafuta chakula muda wote hata usiku, harefuki kama wenzake, au amechelewa kukua kiakili. Aende na kadi ya kliniki, kwani uzito ulioandikwa tangu utotoni humwonyesha daktari tatizo lilianza lini.

Wakati majibu yanasubiriwa, majina kama "bonge" na "tumbo" yaachwe. Hayapunguzi hata gramu moja, na mtoto anayeonewa aibu hujificha ili ale peke yake.