Je, Wajua? Bunduki hunyamaza, moyo bado wakimbia
Mwaka 2017 maelfu ya Wakongo walikimbia machafuko wakaingia Zambia. Tangu 2018 wengi wanaishi Mantapala, wilayani Nchelenge, upande wa Ziwa Mweru. Mtu akisikia mlio wa risasi, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini: moyo hudunda, viganja hulowa jasho. Hiyo ni kinga, tena njema. Hatari ni wasiwasi wa miezi na miaka. Hapo homoni ya kotisoli huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu, mishipa ikachakaa kimyakimya. Utafiti wa INTERHEART wa 2004, uliofanywa katika nchi 52, uliutaja msongo miongoni mwa vihatarishi 9 vya shambulio la moyo. Mkimbizi akipewa blanketi, apimwe na presha.